Kansa ya Matiti: Mgonjwa Asiachwe Njiani

Kuna maradhi ambayo mtu huweza kukaa nayo kimya kwa miezi mingi, huku akiendelea kuchuma chai, kukata maua au kusimama kwenye mashine ya nyuzi bila jirani yake kujua. Kansa ya matiti ni mojawapo. Uvimbe wake mara nyingi hauumi mwanzoni, tena uko mahali ambapo mwanamke huona haya kumwonyesha mtu. Kwa hiyo wengi hufika hospitali wamechelewa, na kati ya wale wanaoanza matibabu wako wanaoyaacha katikati. Ukiwauliza sababu watakutajia nauli, watoto, mume, na hofu ya kupoteza kazi. Mambo hayo hayako mikononi mwa daktari. Yako mikononi mwa jamaa, rafiki na wafanyakazi wenzao, na ndiyo maana twaona yafaa kuelezwa katika kurasa za chama.

UGONJWA WENYEWE

Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana ambazo huzaliana na kufa kwa utaratibu. Kansa huanza pale chembe fulani zinapoacha utaratibu huo zikawa zinazaliana ovyo mpaka zikafanya uvimbe. Zikiachwa, huweza kusafiri kwa njia ya damu na tezi mpaka kwenye mifupa, ini au mapafu. Zikiwahiwa zikiwa bado mahali pamoja, wagonjwa wengi hutibiwa wakapona.

Ugonjwa huu si mgeni wala si wa watu wachache. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligunduliwa kuwa nao duniani, na 670,000 walikufa. Hapa Uganda kansa inayowapata wanawake wengi zaidi ni ile ya mlango wa uzazi, na ya matiti huifuata. Wanaume nao huupata, ijapokuwa ni wachache: katika wagonjwa 100, kama mmoja hivi au pungufu.

Dalili za kuangalia ni uvimbe mgumu titini au kwapani, ngozi iliyokunjamana kama ganda la chungwa, chuchu iliyoanza kuingia ndani, damu au majimaji yanayotoka kwenye chuchu bila sababu, na kidonda kisichotaka kupona. Uvimbe mwingi wa matiti si kansa, lakini hakuna awezaye kuutambua kwa kuugusa tu. Hata daktari hupima kwanza.

Tena tuseme wazi, kwa sababu katika kambi na lainini maneno ni mengi. Kansa haiambukizi. Mtu hawezi kuipata kwa kula chungu kimoja na mgonjwa, kulala naye au kuvaa nguo yake. Haitokani na kuweka fedha kwenye sidiria, wala si laana ya ukoo, wala si kazi ya mchawi. Mwanamke anayeambiwa amelogwa hupoteza miezi akizunguka kwa waganga huku uvimbe ukikua.

HATUA ZA MATIBABU

Jamaa hawezi kusaidia vizuri asipojua safari ilivyo. Kwa hiyo twaieleza hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni uchunguzi. Daktari hupima titi kwa mkono, kisha kwa picha, halafu huchukua kinyama kidogo kwa sindano ili kikaangaliwe maabara. Kipimo hiki cha kinyama ndicho kinachotoa hukumu, na ndicho kinachoonyesha ni aina gani ya kansa na dawa ipi itaifaa. Wako wanaoogopa wakisema sindano "huamsha" kansa. Si kweli. Shirika la Afya Duniani limeweka shabaha kwamba uchunguzi huu umalizike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike mara ya kwanza kwa mganga. Mwenye kuambiwa "rudi mwezi ujao" mara tatu inafaa aulize kwa nini.

Hatua ya pili, kwa wengi, ni upasuaji. Pengine hukatwa uvimbe peke yake na titi likabaki. Pengine huondolewa titi zima pamoja na tezi za kwapani. Wako wanaopewa dawa kwanza ili uvimbe upungue, ndipo wapasuliwe.

Hatua ya tatu ni dawa kali za kuua chembe za kansa, ambazo wengi huziita kemo. Kwa kawaida hutiwa mshipani, mara nyingi kila baada ya siku 21, mara nne mpaka nane. Kabla ya kila mzunguko damu hupimwa, kuona kama mwili una nguvu ya kupokea dawa tena. Dawa hizi huua chembe zinazozaliana haraka, na kwa kuwa nywele, utumbo na damu navyo vina chembe za namna hiyo, navyo hudhurika kwa muda. Ndiyo sababu nywele hunyonyoka, mdomo hutoka vidonda, na mtu hutapika na kuchoka. Moja ya dawa hizo ni nyekundu, na mkojo huwa mwekundu kwa siku moja au mbili. Hiyo ni rangi ya dawa, si damu. Nywele kwa kawaida huota tena baada ya matibabu kwisha.

Hatua ya nne, kwa baadhi yao, ni mionzi. Mgonjwa hulala chini ya mashine kwa dakika chache tu, lakini hana budi kwenda siku tano kwa wiki kwa wiki tatu mpaka tano. Anayetoka Kabarole au Bushenyi hawezi kwenda Kampala na kurudi kila siku. Anahitaji mahali pa kulala.

Hatua ya tano ni vidonge. Ikiwa kansa yake ni ya aina inayolishwa na homoni za kike, mgonjwa huweza kupewa kidonge kiitwacho tamoxifen cha kumeza kila siku kwa miaka mitano au zaidi. Wakati huo huonekana mzima, anafanya kazi na kucheka, na watu husahau kwamba bado anatibiwa. Naye huweza kusahau. Kumkumbusha kidonge ni msaada pia.

Taasisi ya Kansa ya Uganda, iliyoanza mwaka 1967 pale Mulago, ndiyo kituo kikuu cha nchi, na Mbarara nako kuna kitengo cha kansa. Wazee wetu wa kazi wanakumbuka mwaka 2016, mashine pekee ya mionzi nchini ilipoharibika na wagonjwa wakabaki wameduwaa, wenye uwezo wakienda Nairobi. Mashine mpya ilizinduliwa Januari 2018. Jambo hilo lilionyesha nchi nzima kwamba matibabu ya kansa ni mnyororo. Pete moja ikikatika, mgonjwa hafiki. Kwa mchuma chai pete inayokatika mara nyingi ni nauli.

HESABU YA SIKU NA KAZI

Tuchukue mfano. Mwanamke aliyeandikiwa mizunguko sita ya dawa, kila siku 21, atapata dawa siku ya 1, ya 22, ya 43, ya 64, ya 85 na ya 106. Mzunguko wa sita ukiisha, siku zimefika 126. Hapo hatujahesabu upasuaji wala mionzi.

Sasa tazama sheria. Sheria ya Ajira ya Uganda, ilivyopitishwa mwaka 2006, ilimpa mgonjwa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa kutokuwapo kazini. Ugonjwa ukiendelea mpaka mwisho wa mwezi wa pili, mwajiri aliruhusiwa kuuvunja mkataba, maadamu ametimiza masharti yake mpaka siku hiyo. Siku 60 zinapotimia, mgonjwa wetu amepata dawa mara tatu tu. Yuko nusu ya njia.

Majirani zetu wameandika vingine. Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2004, mfanyakazi ana siku 126 za ugonjwa katika kila miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2007, kiwango cha chini ni siku saba za mshahara kamili na saba za nusu mshahara katika mwaka. Mfanyakazi asitazame mpaka ule tu akadhani kila jirani anaishi vizuri zaidi. Kote huko sheria ni sakafu, na kinachoinua dari ni mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri. Kabla hujakata tamaa, mwendee mwakilishi wa chama mkasome pamoja kifungu cha ugonjwa katika mkataba wenu.

Iko njia nyingine inayofaa kuzungumzwa. Wagonjwa wengi huwa hoi siku za kwanza baada ya dawa, kisha nguvu hurudi kabla ya mzunguko unaofuata. Ikiwa mgonjwa anapumzika siku 10 katika kila mzunguko na siku zilizobaki anaweza kufanya kazi nyepesi, basi katika mizunguko sita amekosa siku 60, wala si 126. Inategemea mkataba unahesabu nini: siku alizokosa kweli, au muda wote tangu alipougua. Kazi nyepesi ni kama kuandika daftari la mizani au kuhesabu mifuko ya kufungia. Si kubeba kikapu, wala si kunyunyiza dawa za wadudu. Daktari ndiye anayesema mgonjwa anaweza nini, na maneno yake yaandikwe kwenye karatasi.

JAMAA NYUMBANI

Mgonjwa anahitaji mtu mmoja wa kwenda naye hospitali, tena awe yule yule kila mara ikiwezekana. Mtu aliyeingiwa na hofu husikia nusu tu ya maneno ya daktari. Mwenzake ndiye huyakamata mengine. Awe na daftari dogo la kuandika tarehe ya dawa, majibu ya damu, jina la dawa na maswali ya safari ijayo. Karatasi zote ziwekwe katika mfuko mmoja wa nailoni, zisipotee wala zisilowe.

Jambo moja kila mtu nyumbani alijue kwa moyo. Dawa za kansa hupunguza kinga ya mwili, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14. Mgonjwa akipata homa ya 38 au zaidi, au akianza kutetemeka, si malaria ya kunywa vidonge vya dukani ukasubiri asubuhi. Apelekwe hospitali saa ile ile, iwe usiku wa manane, na waganga waambiwe kwamba yuko kwenye dawa za kansa. Homa hiyo huweza kuua kwa muda wa siku moja au mbili.

Kwa hiyo usafi ni sehemu ya matibabu. Maji yachemshwe, chakula kiive vizuri, na mwenye mafua asije kumkumbatia. Kwa siku mbili baada ya dawa, anayesafisha matapishi au mkojo avae glavu au mifuko ya nailoni mikononi, kisha anawe kwa sabuni. Chakula si lazima kiwe cha gharama. Maharagwe, mayai, mukene, karanga na mboga humtia nguvu. Apewe kidogo kidogo mara nyingi, asilazimishwe sahani iliyojaa.

Baada ya upasuaji wa kwapani mkono wa upande ule huweza kuvimba, hata miaka ikiwa imepita. Aufanyishe mazoezi taratibu kama alivyoelekezwa, aongeze mzigo pole pole, na ajilinde na mikato, miiba na kuungua. Kwa mchuma chai au mfanyakazi wa maua hili ni kubwa, maana mkono ndio riziki yake. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto na unauma, asingoje.

Kwa mume tuna maneno mahususi. Wako wanaume waliouguza wake zao kwa uvumilivu mkubwa, wakafua, wakapika na kulala chini kando ya kitanda wodini. Wako pia waliohama chumba, na wengine waliohama nyumba. Mke aliyeondolewa titi hutazama kwanza macho ya mume wake kuliko anavyotazama kovu. Ukimwuliza kama kovu linauma na ukamsaidia kubadilisha bandeji, umesema mengi. Mjue pia kwamba wakati wa dawa hizi, na wakati wa tamoxifen, mimba haifai kwa sababu mtoto huweza kudhurika. Mwulizeni mganga njia ya kujikinga isiyo ya homoni, kama vile kondomu.

Watoto nao waambiwe ukweli kwa kadiri ya umri wao. Mtoto anayeona nywele za mama zimeanguka asipoelezwa atabuni maelezo yake, na pengine atajilaumu yeye.

Dawa za miti shamba twajua zimo katika nyumba nyingi. Hatutaki kugombana na bibi wala shangazi. Tunachosema ni kwamba baadhi yake hugongana na dawa za hospitali au huchosha ini. Mgonjwa asifiche, amwambie daktari anachokunywa.

WENZAKE KAZINI

Watu wa Kigezi wana desturi ya engozi. Mgonjwa akizidiwa kijijini, majirani walimweka kwenye machela wakapokezana mabegani mpaka hospitali, na asiyebeba alitozwa faini au alitoa pombe. Huku Buganda kuna vikundi vya munno mukabi, rafiki wa wakati wa shida. Desturi hizi zilisafiri pamoja na wafanyakazi mpaka kwenye mashamba ya chai na miwa. Shida ni kwamba tumezizoea kwa msiba. Mtu akifa, mchango hutoka siku ile ile, na jeneza na lori hupatikana. Akiwa bado hai anatafuta nauli, mifuko inakuwa mizito. Afadhali tumchangie angali anaweza kuitumia.

Kutoka Fort Portal mpaka Kampala ni karibu kilometa 300. Kwenda na kurudi mara sita ni kilometa 3,600, na mwenye kumsindikiza naye analipa. Genge la watu 30 wakitoa shilingi 1,000 kila mmoja kila malipo, wanapata shilingi 30,000. Hazitoshi kila kitu, lakini zikija bila kukosa mgonjwa anaweza kuzipangia. Aweke fedha hizo mtu wa pili, ziandikwe, na hesabu isomwe mbele ya wote, ili pasiwe na manung'uniko.

Msaada mwingine haugharimu fedha. Mmoja achote maji, mwingine apalilie kiraka chake cha mihogo, mwingine alale na watoto usiku ambao mama yuko Kampala. Badala ya kumwambia "ukihitaji kitu utuambie", mwulizeni: "Jumanne nani anakaa na watoto?" Swali la kwanza humwachia mzigo wa kuomba, na la pili humwondolea. Wenye afya wajitolee damu hospitali inapoomba. Na mkija kumtazama, msimhadithie shangazi aliyekufa kwa ugonjwa huo huo. Kaeni, mwacheni aseme au anyamaze.

Mnyapara naye ni mwenzetu. Akisikia mtu yuko kwenye matibabu asitangaze mbele ya genge. Ugonjwa ni siri ya mgonjwa, na yeye ndiye mwenye kuamua nani ajue.

WAJIBU WA CHAMA

Kwanza, kila tawi liwe na mtu mmoja, afadhali mwanamke, anayejua njia ya hospitali na karatasi zinazotakiwa. Yuko pia msaada wa wale waliokwisha kupita njia hiyo: wanawake waliougua kansa wana umoja wao, Uganda Women's Cancer Support Organisation, na neno la mtu aliyemaliza dawa zote sita huingia moyoni kuliko hotuba yetu.

Pili, katika mazungumzo yajayo na waajiri tudai kifungu cha maradhi ya muda mrefu: siku zihesabiwe zile alizokosa mtu kweli, kazi nyepesi kwa barua ya daktari, ruhusa kwa mume au ndugu anayemsindikiza, na nyumba ya lainini isichukuliwe mgonjwa akiwa bado kwenye matibabu. Mtu akinyang'anywa chumba siku ya 60, mzunguko wa nne hataufuata.

Tatu, tuwaeleze wanachama haki zao za akiba. Kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2022, mwanachama wa NSSF aliyefikisha miaka 45 na aliyechangia miaka 10 anaweza kutoa mpaka asilimia 20 ya akiba yake. Ni fedha za uzee, zisiguswe ovyo, lakini ajue zipo. Na kibarua ambaye mwajiri wake hamwandikishi kabisa, hiyo ni kesi ya chama tangu leo, si siku atakapougua.

Shirika la Afya Duniani limeweka shabaha kwamba angalau wagonjwa 80 katika kila 100 wamalize matibabu waliyoandikiwa. Madaktari hawawezi kulitimiza hilo peke yao. Ndugu wafanyakazi, kila mmoja aangalie katika genge lake na zamu yake kama yuko aliyeanza kukosa kazi, aliyefunga kitambaa ghafla kichwani, au anayeshika kwapa akidhani hakuna anayemwona. Mwendee pembeni, kwa heshima, umwulize safari yake ya hospitali ni siku gani na kama ana mtu wa kwenda naye.

Mshikamano wetu udumu.